Kaya ya Majiko Mawili

Orodha ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, na kabla gundi haijakauka watu walikuwa wameshaisoma mara mbili na kuanza kubishana. Wahandisi wa bwawa walikuwa wamechora mstari wao ubavuni mwa mlima, juu kuliko paa la shule, na kila kilichokuwa chini ya mstari huo kingelala ndani ya maji ifikapo mwisho wa mwaka. Kila kaya ilipewa nyumba moja upande wa pili wa mlima, ya matofali na bati jipya. Miezi ya mwanzo watu walilia. Sasa walikuwa wamechoka kulia, wakawa wanaulizana kama madirisha ya huko yana vioo au matundu matupu.

Fundi seremala alifika wa mwisho, kwa sababu siku hizo kazi ilikuwa imemfika shingoni. Hakuna aliyetaka kumwachia maji mlango wake. Tangu alfajiri Fundi alikuwa anang'oa fremu kwa mtaimbo, ananyoosha misumari iliyopinda juu ya jiwe, anaandika kwa mkaa nyuma ya kila ubao huu ni wa nani na unakaa wapi. Alifuta vidole kwenye suruali, akavipitisha juu ya karatasi mpaka namba arobaini na saba.

Mkuu wa kaya: seremala. Mke mmoja. Watoto wawili, pacha. Mama mzazi. Jumla watu watano. Nyumba moja, vyumba viwili.

Akasoma tena. Akateremka hadi mstari wa mwisho, akapanda hadi wa kwanza.

"Umepoteza nini, Fundi?" aliuliza jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye kijiji kizima kilimwita Redio, kwa kuwa habari ikiingia kwake asubuhi, adhuhuri imeshafika kila nyumba.

"Natafuta nyumba ya mama."

"Si mko pamoja hapo? Kaya moja." Redio aliinama asome vizuri, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Nyinyi? Kaya moja? Jamani! Nani aliyemdanganya yule karani, mtoto wa watu?"

Fundi alijua vizuri nani alidanganya. Walidanganya wote, na yeye akiwemo.

Karani wa mradi alikuwa amepita wiki tatu nyuma, kijana mwembamba mwenye mkoba begani na kalamu tatu mfukoni mwa shati. Swali lake kubwa lilikuwa moja: hapa mnapikia majiko mangapi? Kwenye makaratasi yake, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Hakuhesabu damu wala kuta, alihesabu vyungu. Swali rahisi kabisa, lakini lilikuwa limetua kwa watu wasiofaa. Kijiji kile mgeni hakuonyeshwa ugomvi. Mgeni akibisha, waliokuwa wamenuniana walicheka, waliokuwa wamepeana migongo walipeana viti, na akishaondoka kila mtu alirudi kwenye mnuno wake alipouachia.

Basi mama yake Fundi, aliyekuwa hajala chungu kimoja na mkwewe kwa miaka sita, aliposikia mgeni yuko uani alichukua beseni la kufulia akalifunikiza juu ya jiko lake. Mkewe Fundi, ambaye watu walimwita Mama Pacha, akamwita mkwewe "mama yangu mpenzi," neno lililomfanya Fundi apaliwe na maji.

"Jiko moja tu, mwanangu," mama alimwambia karani, mkono wake begani kwa mkwe. "Tangu huyu binti aingie humu ndani, mimi moshi nausikia harufu tu."

Karani alifurahi sana. Alisema angetamani nyumba zote ziwe hivyo. Kisha akaandika.

Nyumbani, Fundi alitoa taarifa amesimama katikati ya ua, mahali alipozoea kusimama. Upande wa kulia, jiko la mkewe. Upande wa kushoto, jiko la mama yake. Katikati yeye, kama simu. Kwa miaka sita maneno ya pande zote mbili yalipitia kwake. Mwambie mama yako ile kamba ni ya nguo. Mwambie mkeo kuku wake hajasoma, hajui mpaka.

"Vyumba viwili," mkewe alisema taratibu. "Sisi kimoja. Watoto kimoja."

"Na mama," alisema Fundi.

Hakuna aliyesema na mama wapi. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa.

"Mimi nitakwenda kwa mdogo wangu mjini," alisema. "Ana kochi."

"Kochi si nyumba, mama."

"Nalijua lile kochi, nimelilalia siku tisa. Ukinyoosha mgongo, miguu inabaki nje. Na alfajiri unawahi kuamka, unakunja shuka, unalificha, maana wenyewe wanataka kukaa." Alipuliza makapi. "Unakaa hapo unatabasamu siku nzima, kama umeletwa kwa majaribio."

Mama Pacha aliuma mdomo. Halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, alisema upande ule bila kumpitia mumewe.

"Huendi kwenye kochi la mtu."

Ungo ulisimama. Fundi alitazama kulia, akatazama kushoto, akajikuta hana kazi.

*

Kesho yake karani alimpokea Fundi ofisini kwa adabu na macho ya mtu aliyeshachoshwa. Mezani kwake mafaili yalikuwa yamepandana hadi kidevuni.

"Mzee Fundi, siwezi. Tangu orodha itoke kila mtu amegombana na mwenzake. Jana wamekuja hapa mume na mke wanadai wameachana. Nikawauliza lini, wakatazamana. Mmoja akasema Jumanne, mwingine akasema miaka mitatu."

"Sisi ni kweli, ndugu karani. Mke wangu na mama hawapikiani."

"Mbona mama mwenyewe aliniambia jiko moja? Tena alimkumbatia."

"Ulikuwa mgeni."

Karani alimtazama kama mtu aliyetafsiriwa maneno vibaya. "Yaani mimi nikija mnapendana, nikiondoka mnagombana?"

"Ndiyo."

"Na mnataka nije tena, nione mnagombana, na mimi bado ni mgeni?"

Fundi alikuna kichwa. Hakuwa ameliona hivyo.

"Sikiliza," karani alisema, akafungua kalamu. "Alhamisi saa nne nakuja kuhakiki. Mimi siandiki nilichoambiwa tena, naandika nilichokiona. Nikiona kaya mbili, mama anapata nyumba. Nikiona moja, orodha inakwenda juu imefungwa, na hata nilie mimi mwenyewe haifunguki."

*

Ikabaki siku mbili za kujifunza kugombana.

Ungedhani ni kazi nyepesi kwa watu wenye uzoefu wa miaka sita. Lakini ugomvi wao ulikuwa wa kimyakimya, wa mlango kufungwa kwa nguvu kidogo, wa kifuniko cha sufuria kulia zaidi ya kinavyostahili. Ugomvi wa namna hiyo karani asingeuona. Ulihitajika wa sauti.

Jumanne jioni, jua bado lipo, walikaa uani kwenye benchi la Fundi la kurandia mbao. Redio alipanda juu ya ndoo upande wa pili wa ukuta, kidevu juu ya matofali. Alikuwa shahidi, na alikuwa amejiteua pia kuwa mwalimu.

"Mama, anza wewe," alisema Mama Pacha. "Niite mvivu."

"Wewe si mvivu."

"Najua, mama. Lakini niite."

"Mtu anaamka kabla ya jogoo nimwite mvivu? Mimi uongo siwezi."

"Si ulimwambia karani moshi unausikia harufu tu?"

"Ule haukuwa uongo. Ule ulikuwa ukarimu."

Redio nusura aanguke kutoka kwenye ndoo. "Bibi, msengenye basi! Sema hajui kufua!"

"Kufua anajua. Kukamua ndiyo hajui. Nguo inatundikwa inatiririka kama imetoka mtoni."

"Hapo! Hapo hapo! Endelea!"

"Mama, kwani nakamuaje?" Mama Pacha aliuliza, na haikuwa tena mazoezi. Mama akainuka, akachukua shuka kwenye kamba, akamwonyesha: unashika hivi, mwenzako anashika kule, mnazungusha kinyume. Walizungusha. Shuka likatema maji miguuni mwa Fundi. Wakacheka wote wawili kwa pamoja, na Fundi akahisi nyumba moja nzima ya matofali inamponyoka mikononi.

Jumatano ilikuwa mbaya zaidi. Ili wapange vizuri, walipika pamoja. Fundi aliporudi na fremu tatu begani alikuta jiko la kushoto limepoa, mama na mkewe wako kulia, wanaonja mchuzi kwa mwiko mmoja.

"Mnafanya nini?" alifoka.

"Tunapanga matusi," alisema mama, mdomo umejaa.

"Karani anakuja kesho! Mama, rudi jikoni kwako!"

"Usimfokee mama yako," alisema mkewe.

*

Alhamisi, saa nne kamili, karani alikaa kwenye kiti kilichowekwa katikati ya ua. Majiko yote mawili yalikuwa yanafuka. Sufuria mbili, miiko miwili, ndoo mbili za maji. Fundi alisimama mlangoni na randa mkononi, hana anachoranda. Pacha wawili, wasichana wa miaka mitano, walikalishwa kwenye mkeka na kuonywa wasitie neno.

Mama alikohoa. "Wewe mwanamke! Moshi wako unaingia kwangu!"

Wote walitazama moshi. Ulikuwa unatoka kwa mama, unakwenda kwa Mama Pacha, umenyooka kama kidole.

"Na wewe," Mama Pacha aliitikia, macho chini, "wewe... maji yangu unayachota. Bila ruhusa. Mama." Mabega yakaanza kumtikisika.

"Usiniite mama!"

"Samahani, mama."

Mchuzi ulichemka pande zote mbili. Ndipo pacha mmoja, kwa huruma ya kweli, akasema, "Bibi, umesahau lile la kuku."

Mama Pacha akacheka. Hakucheka kidogo, alicheka mpaka akaketi chini, kanga mdomoni, machozi yanamtoka. Karani naye alitabasamu. Akafunga faili.

"Nimeona," alisema kwa upole, akasimama. "Kwa kweli nimewaona vizuri. Watu wanaopendana hivi hawapiki mbalimbali. Mzee Fundi, kaya moja. Samahani sana."

Akavaa mkoba begani. Hakuna aliyemfuata.

"Umecheka," alisema mama.

Sauti haikuwa ya Jumanne. Mama Pacha akajifuta macho.

"Mama, nisamehe, ilikuwa yule mtoto..."

"Umecheka. Mimi nakwenda kulala kwenye kochi la watu, wewe unacheka."

"Si ndiyo nilisema huendi?"

"Ulisema! Kusema unajua. Miaka sita mimi nakula peke yangu, kijiko changu nakisikia kinavyogonga sahani, na nyinyi ng'ambo hapo mnacheka. Kicheko chako nakijua kuliko uso wako."

Mama Pacha alisimama. Damu ilikuwa imempanda usoni. "Nani aliyejitenga? Ulisema mbele ya wageni wanane. Nina mwezi wa pili tu hapa, nimepika tangu asubuhi. Ukaonja, ukauliza: hii mboga imepikwa au imeogeshwa? Watu wakacheka. Wanane!"

"Ulikuwa utani!"

"Kwako! Mimi nililia chooni mpaka wakamaliza kula. Na bado kesho yake nikakuletea sahani! Ulipojitenga, siku ile ile ya kwanza, nilikupakulia mimi kabla ya mume wangu. Ukairudisha vilevile, imefunikwa, hukugusa hata tonge!"

"Sahani ipi?" Mama alipiga paja. "Ile iliyotupwa kizingitini? Nilifungua mlango nikaikuta chini, sisimizi wameshaiona. Hakuna mtu, hakuna neno. Unamwekea nani chakula namna hiyo? Paka? Nikasema sawa. Kama mimi ni paka, nitawinda mwenyewe."

"Mimi sikuiweka kizingitini!" Mama Pacha alipaza sauti mpaka kuku wakakimbia. "Mimi nilimpa Baba Pacha akupe mkononi! Nikamwambia, mpe mkononi, mwambie naomba yaishe!"

Kisha, polepole, kama milango miwili yenye bawaba moja, wakageuka wote kumtazama Fundi.

Fundi alikuwa amekumbuka. Ilikuwa asubuhi, mteja anasubiri, mbao nne begani, sahani mkono wa kushoto. Aligonga mlango kwa kiwiko, akainama, akaiweka chini vizuri tu, akaenda zake. Hajapata kuifikiria tena hadi leo.

"Nilikuwa na mbao," alisema.

"Alikuwa na mbao," mama alirudia.

"Miaka sita," alisema Mama Pacha.

"Miaka sita nimepuliza moto wangu mwenyewe, macho mekundu, kwa sababu huyu bwana alikuwa na mbao!"

"Na ule ujumbe?" alidaka mkewe. "Naomba yaishe? Uliusahau na wenyewe?"

"Nilidhani... sahani yenyewe ingeeleweka."

Juu ya ukuta Redio alifunika uso kwa mikono miwili, akichungulia kati ya vidole. Mama alimgeukia karani, aliyekuwa amesimama mlangoni, mkoba begani, mdomo wazi.

"Wewe kijana! Usiondoke! Toa hiyo kalamu yako uandike. Andika kaya tatu! Na huyu naye apewe yake, akae humo na mbao zake!"

Karani alirudi kitini. Aliketi muda mrefu akitazama ua: ukuta wa kulia wenye masizi ya miaka, na ukuta wa kushoto, ambao siku ile ya kwanza hakuutazama, nao mweusi vilevile toka chini hadi kwenye paa. Alisimama, akapitisha kidole. Masizi yalitoka mazito kama ngozi.

"Moshi huu si wa wiki hii," alisema.

"Ni wangu huo," mama alisema, bado anahema.

Karani alifungua faili, akakata mstari mmoja, akaandika miwili. Alipofika katikati alisita. "Nyumba zenyewe kule ziko mistari. Mama, nikuweke mbali nao au karibu?"

Fundi alizuia pumzi. Mama alimtazama mkwewe, mkwewe akamtazama yeye, wote wawili macho mekundu, na safari hii haikuwa kwa moshi.

"Karibu," wakasema kwa pamoja.

Kalamu ikasimama hewani. Karani akainua nyusi. "Kwa hiyo mmepatana?"

"Nani kasema?" mama alijibu haraka. "Nimwache aende mbali, akamue nguo zake vile? Weka karibu, nimwone."

Karani akainama juu ya karatasi ili wasione uso wake. Aliandika, kisha akasoma kwa sauti, kama inavyotakiwa. "Kaya namba arobaini na saba, sehemu B. Mkuu wa kaya: mama mzazi wa seremala. Jumla, mtu mmoja."

"Soma tena."

"Jumla, mtu mmoja."

"Nyuma kidogo."

"Mkuu wa kaya..."

"Hapo." Mama aliketi, akaweka mikono magotini. Alikuwa amekaa nyumba ya baba yake, akakaa nyumba ya mumewe, akakaa nyumba ya mwanawe, na katika nyumba zote tatu hakupata kuulizwa mkuu ni nani. "Andika vizuri hapo, mwanangu. Pasomeke."

*

Walihama wiki ya nne baada ya hapo, na lori lilishusha kila mtu mbele ya namba yake. Nyumba zilikuwa mpya mno, zinanuka saruji, zimefanana kama meno. Madirisha yalikuwa na vioo. Milango, kama kila mtu alivyotabiri, haikuwa imefika, kwa hiyo Fundi alikuwa ndiye mtu anayetafutwa kuliko wote mlima mzima. Mstari mzima uliita Fundi, Fundi, Fundi.

Aliwapita wote. Alijitwika mlango wa mama yake, ule ule aliouchonga mwenyewe, nyuma yake umeandikwa kwa mkaa MAMA, MBELE, akavuka hatua kumi kutoka nyumbani kwake hadi kwa mama, akaingia moja kwa moja ndani akitafuta pa kuuegemeza.

"Rudi nje," alisema mama.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba kitupu, mgongo umenyooka, hana anachofanya. Mchana kweupe, hafagii, hapiki, hachambui. Amekaa tu.

"Mama, mlango mzito huu."

"Rudi nje nao."

Fundi alirudi nje. Alisimama kwenye jua, mlango mgongoni, mbele ya tundu la ukuta lisilo na cha kugonga. Nyumba ya pili mkewe alikuwa ametoa kichwa dirishani, pacha chini ya kwapa zake, na walikuwa wanamngoja wamuone atafanya nini. Jasho lilimwingia machoni.

"Hodi," alisema.

Aliona mama anavuta kanga yake kichwani, anaiweka sawa, bila haraka yoyote.

"Hodi, mwenye nyumba."

Mama alikuwa hatua nne mbele yake, anamtazama usoni.

"Nani?" akauliza.